Mwongozo wa Kuwinda Nguruwe Mwitu katika Ardhi ya Umma Jimboni Texas

Wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Houston, Dallas na miji mingine ya Texas huwasikia wenyeji wakisema kwamba nguruwe mwitu ni adui wa mkulima, kwamba hawana msimu maalumu wala kikomo cha idadi, na kwamba yeyote anaruhusiwa kuwapiga. Maneno hayo ni kweli kwa sehemu tu, na sehemu inayoachwa ndiyo huwaingiza watu matatani. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, na mgeni asiye na rafiki mwenye shamba, wala fedha za kulipia windo la kuongozwa, hubakiwa na ardhi ya umma, ambayo ina kanuni zake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, hasa yule aliyetoka Kenya, ambako uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mwaka 1977, na ambaye hajawahi kumwona mzee wake akirudi nyumbani na windo.

Kwanza mtu amfahamu mnyama mwenyewe. Huyu si ngiri, wala si nguruwe pori wa misitu ya Afrika Mashariki. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania katika karne ya 16, wakiwemo wale waliokuja na msafara wa Hernando de Soto ulioshuka Florida mwaka 1539, ambao baadaye walichanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya waliofunguliwa na wenye mashamba na wawindaji katika miaka ya 1930. Jike huweza kupata mimba akiwa bado hajatimiza mwaka, hubeba mimba kwa takriban siku 115, na huzaa watoto wengi kwa mkupuo, ndiyo maana idadi yao Texas yakadiriwa kuzidi milioni 2. Kisheria hawahesabiwi miongoni mwa wanyamapori wa kuwindwa kama kulungu, bali huhesabiwa kuwa mifugo ya kigeni, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kanuni inayofuata hapa chini.

Hatua ya kwanza: hakikisha sheria inakuruhusu kushika bunduki

Naanza na jambo hili kabla ya leseni na kabla ya vifaa, kwa sababu kosa hapa halirekebishiki kwa faini. Sheria ya shirikisho la Marekani inamkataza mtu anayeishi nchini bila hati halali kuwa na bunduki au risasi, na inamkataza vilevile mtu aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, kama vile mwanafunzi au mtalii, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha iliyotajwa na sheria, ambayo iliyo ya kawaida zaidi ni kuwa na leseni ya kuwinda iliyo hai, iliyotolewa na jimbo mojawapo la Marekani. Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani green card, anaruhusiwa. Katazo hilo halihusu kununua peke yake. Bunduki uliyoazimwa na rafiki kwa asubuhi moja, ikiwa mikononi mwako, ni bunduki uliyo nayo. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai kubwa, au kwa ukatili wa nyumbani hata kama lilihesabiwa kosa dogo, amekatazwa pia, na mtumiaji wa bangi amekatazwa na sheria ya shirikisho hata pale ambapo jimbo lake limeihalalisha.

Ikiwa hadhi yako ya uhamiaji ina utata wowote, mwone wakili wa uhamiaji kabla hujagusa bunduki, kwa maana adhabu yake yaweza kuwa kifungo na kufukuzwa nchini. Upinde na mishale havihesabiwi kuwa bunduki chini ya sheria hiyo, na kuna maeneo mengi ya umma yanayoruhusu upinde hata pale yanapokataza bunduki, kwa hiyo upinde si njia duni ya kuanzia.

Hatua ya pili: mafunzo, leseni na kibali

Idara inayosimamia mambo haya ni Texas Parks and Wildlife Department, ambayo hapa nitaiita Idara. Tangu Septemba 2019, mtu anayewinda nguruwe katika shamba la mtu binafsi kwa idhini ya mwenye shamba hahitaji leseni ya kuwinda. Msamaha huo hauvuki mpaka wa shamba. Katika ardhi ya umma leseni ni ya lazima, na ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa walisikia habari ya 2019 bila kusikia masharti yake.

Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo anatakiwa kuwa amehitimu mafunzo ya mwindaji, ambayo mtu mzima aweza kuyafanya yote kwa intaneti. Mwenye miaka 17 au zaidi anaweza kununua ahirisho la mafunzo hayo, la mara moja maishani, na kuwinda akiandamana na mwindaji mwenye leseni, lakini sishauri njia hiyo kwa mtu asiyewahi kushika bunduki, kwa kuwa mafunzo yenyewe ndiyo yanayomfundisha kubeba silaha bila kuielekeza kwa mwenziwe, kuvuka uzio akiwa nayo, na kujua ni pembe gani anaruhusiwa kupiga anapokuwa na wenzake. Ukiweza, tafuta pia darasa la ana kwa ana lenye uwanja wa shabaha.

Leseni ya mkaazi, yaani aliyeishi Texas kwa miezi sita mfululizo, imekuwa ikiuzwa kwa dola 25. Ya asiye mkaazi ni dola 315, ingawa kwa nguruwe anaweza kutumia leseni maalumu ya siku tano ya dola 48. Mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Septemba na kwisha tarehe 31 Agosti, hivyo anayenunua mwezi Julai atumie wiki zake haraka. Juu ya leseni hiyo, nunua kibali cha mwaka cha kuwinda katika ardhi ya umma, ambacho nacho kimekuwa dola 48, na ambacho hufungua karibu ekari milioni 1 za kuingia kwa miguu. Angalia bei ya mwaka husika unaponunua. Kwa ada ndogo unaweza pia kuomba kuingizwa katika bahati nasibu za Idara za kugawa nafasi za kuwinda, ambazo baadhi yake ni za nguruwe na hufanyika katika mbuga zinazofungwa kwa wageni wengine siku za windo. Kwa mtu mpya hiyo ni nafasi nzuri mno, kwani idadi ya wawindaji huwa imepangwa na maofisa huwa karibu.

Hatua ya tatu: chagua eneo na usome kanuni zake

Mashariki ya Texas kuna misitu minne ya taifa: Sam Houston, Davy Crockett, Angelina na Sabine. Sam Houston, wenye ekari zipatazo 163,000, uko mwendo wa saa moja na kitu kaskazini mwa jiji la Houston, na kwa sababu hiyo hupendwa na wengi na hujaa watu. Big Thicket, iliyo karibu na Beaumont, iko chini ya mamlaka ya hifadhi za taifa na hutoa vibali vyake yenyewe. Yapo pia maeneo ya Idara yenyewe, na ardhi inayozunguka mabwawa yanayosimamiwa na kikosi cha wahandisi cha jeshi la Marekani, ambayo kila moja ina ofisi yake na masharti yake.

Soma kijitabu cha eneo unalokwenda, si cha eneo jirani. Humo utaona ni silaha zipi zinazoruhusiwa, kwa maana kuna maeneo ya bunduki za marisau peke yake na mengine ya upinde peke yake. Utaona pia nguruwe wanapigwa lini, kwani katika maeneo kadhaa wanaruhusiwa tu wakati msimu wa mnyama mwingine uko wazi, na kwa silaha halali za msimu huo. Kwa jumla, katika ardhi ya umma huruhusiwi kuwinda usiku, huruhusiwi kumwaga mahindi au chambo chochote, huruhusiwi kupiga ukiwa ndani ya gari au barabarani, na kuwakimbiza nguruwe kwa mbwa kumekatazwa katika sehemu nyingi. Mambo hayo yote hufanywa kihalali katika mashamba ya watu, na video nyingi za uwindaji wa nguruwe zilirekodiwa huko. Usijifunze sheria kutoka kwa video.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, kwa sababu ndani ya msitu mtandao hukatika, na misitu hii ya taifa imechanganyika na viwanja vya watu binafsi. Alama ya rangi ya zambarau iliyopakwa wima juu ya shina la mti au nguzo ni onyo kamili la kisheria la kutoingia, hata kama hakuna kibao chenye maandishi. Ukifika, jiandikishe kama eneo linavyotaka, kwa programu ya simu ya Idara au kwenye kibanda cha langoni, na ujiondoe unapotoka.

Jambo moja linalohusu Texas ya kusini na ya magharibi halina budi kutajwa hapa. Huko anaishi javelina, mnyama anayefanana na nguruwe mdogo, ambaye ni mnyamapori kamili mwenye msimu na kikomo cha idadi. Ana ukosi wa manyoya meupe shingoni, hana mkia unaoonekana, na uzito wake mara chache huzidi kilo 25. Nguruwe mwitu ana mkia mrefu wenye shada la singa na umbo lililoinuka mabegani. Ukiwa na shaka, usipige.

Kwa anayesoma akiwa nje ya Texas: usichukue kanuni hizi ukazipeleka kwako. Kansas imekataza kabisa watu kuwinda nguruwe hawa kwa kujifurahisha, na Missouri imewakataza katika ardhi ya idara yake ya uhifadhi, kwa sababu kumpiga mmoja huwatawanya wengine na kuharibu kazi ya mitego inayokamata kundi zima kwa pamoja.

Hatua ya nne: vifaa

Kwa bunduki, risasi ya .243 (namba hizi ni majina ya aina za risasi) ndiyo ndogo kabisa ninayoona inafaa; .308 au .30-06 hutosha kwa dume yeyote, na bunduki ya marisau ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) iliyotiwa risasi moja nzito hufaa kwenye vichaka ambako hakuna kinachoonekana zaidi ya mita 60. Bunduki yoyote utakayochagua, ipeleke uwanja wa shabaha mpaka uwe na hakika nayo, na ufanye hivyo kabla ya safari, kwa kuwa kulenga shabaha za mazoezi ndani ya maeneo ya Idara kumekatazwa.

Rangi ya chungwa inayong'aa si pambo. Katika maeneo yenye bunduki, kanuni inadai mavazi yenye jumla ya inchi za mraba 400 za rangi hiyo, na angalau 144 kati ya hizo zionekane kifuani na 144 mgongoni, pamoja na kofia ya rangi hiyohiyo. Nguruwe haoni rangi hiyo kama tunavyoiona sisi. Mwindaji mwenzako anaiona, na hilo ndilo unalolitaka.

Beba maji zaidi ya unavyodhani yatahitajika, tochi mbili, dira, dawa ya kupe, visu viwili vikali, glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho, mifuko safi ya kitambaa ya kutilia nyama, na uache ndani ya gari deli kubwa lenye barafu. Mwachie mtu nyumbani maandishi yanayoonyesha jina la eneo, mahali gari litakapoegeshwa na saa ya kurudi.

Hatua ya tano: soma ardhi

Hapa ndipo windo linapopatikana au kukosekana, na ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Wawindaji wengi hawaendi mbali na magari yao, na nguruwe hujifunza upesi kuishi nje ya masafa hayo. Tafuta kwenye ramani sehemu ambayo barabara hazifiki, yenye kijito au kinamasi, kisha uitembelee siku moja kabla ya windo bila haraka.

Nguruwe hana tezi za jasho zinazoweza kumpoza, hivyo maisha yake yamefungwa na maji na matope. Mwezi Agosti na Septemba, wakati vijito vimekauka, wafuate kwenye madimbwi yaliyobaki. Dimbwi la kugaagaa ni shimo lenye umbo la mwili wake, lenye nywele ngumu zilizonata pembeni. Maji yakiwa bado ni ya rangi ya maziwa na tope halijatulia chini, ametoka hapo muda si mrefu. Yakiwa yameng'aa na majani yameelea juu, hajafika kwa siku kadhaa. Kutoka dimbwini nguruwe huenda kujikuna mtini. Utaona tope kwenye shina, na kimo cha tope hilo kitakueleza kimo cha mgongo wake. Liguse: likiwa bichi na linapakaa kidoleni, ni la leo.

Oktoba hadi Desemba chakula chao kikuu katika misitu ya mashariki ni matunda ya mialoni. Chini ya mialoni utaona majani yamepinduliwa na udongo umefukuliwa kama umepitiwa na jembe. Udongo uliofukuliwa leo una rangi nyeusi na unyevunyevu, na mizizi midogo iliyokatwa bado ni myeupe. Wa juzi umepauka na umeganda juu. Nyayo nazo hutofautiana na za kulungu: kwato za kulungu zimechongoka mbele, za nguruwe ni butu na za mviringo, na mara nyingi zile kwato mbili ndogo za nyuma huacha alama pembeni kidogo ya unyayo. Mahali ambapo wamepita chini ya seng'enge wameacha singa kwenye miiba, na hizo zinakupa mwelekeo wao.

Ukiniuliza wakati unaofaa kuliko wote, nitasema Januari mwishoni na Februari, pale ambapo eneo husika linaruhusu. Msimu wa kulungu kwa bunduki umekwisha, watu wamepungua, majani yameanguka hivyo unaona mbali, na baridi huwafanya nguruwe watembee mchana badala ya usiku. Nyama pia haiozi haraka. Nenda siku za kazi ukiweza.

Hatua ya sita: upepo, kungoja na kunyatia

Macho ya nguruwe ni dhaifu, masikio yake ni mazuri, na pua yake haina mshindani. Kwa hiyo fuata upepo kabla ya kufuata kitu kingine. Chukua kichupa kidogo chenye majivu makavu, nyunyiza kidogo hewani kila baada ya hatua kadhaa, na tazama yanakokwenda. Upepo utoke kwao uje kwako. Ukibadilika, badilika nao, au ondoka kwa utaratibu urudi siku nyingine. Kundi lililonusa binadamu mahali fulani laweza kukaa mbali napo kwa wiki nzima. Jioni tulivu, hewa inapopoa, hutelemka kuelekea bondeni, hivyo anayekaa kwenye ukingo wa juu wa kijito wakati jua linazama huipeleka harufu yake kule anakotazama.

Kungoja kunamfaa anayeanza. Kaa mahali palipoinuka kidogo, mgongo ukiegemea mti mnene kuliko mabega yako, umbali wa mita 50 hadi 80 kutoka njia panda ya nyayo mpya, ukiwa umefika saa moja na nusu kabla ya giza. Ukipanda juu ya mti, funga mkanda wa usalama tangu miguu inapoiacha ardhi. Saa za kuwinda kwa kawaida ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na nusu saa hizo mbili ndizo zenye thamani kubwa kuliko siku nzima iliyobaki.

Kunyatia ni kwa siku ambayo umewasikia. Kundi linalokula lina kelele nyingi: kukoroma, kugombana, watoto kulia, matunda kupasuka menoni. Tembea wanapopiga kelele, simama wanaponyamaza. Wakinyamaza wote kwa pamoja, simama hata kama mguu mmoja uko hewani, kwani wanasikiliza.

Hatua ya saba: kupiga

Kabla ya kidole kufika kwenye kitufe cha kufyatulia, jibu maswali mawili: huyu ni nguruwe bila shaka yoyote, na nyuma yake kuna nini? Risasi ya .308 iliyokosa huweza kwenda kilomita kadhaa, na msitu wa taifa hutumiwa pia na wapanda farasi, wachuma uyoga na familia zinazopiga kambi. Piga pale tu ambapo udongo, yaani kilima, ukingo wa mto, au ardhi yenyewe kwa kuwa umekaa juu, utaipokea risasi. Vichaka havizuii risasi. Usipige sauti, usipige kitu kinachotikisika, usipige kivuli, hata kama umengoja tangu alfajiri.

Moyo na mapafu ya nguruwe viko chini zaidi na mbele zaidi kuliko vya kulungu. Anaposimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu na ulenge theluthi ya chini ya kifua, usawa wa mguu wenyewe au nyuma yake kidogo sana. Anayelenga katikati ya mwili kama kwa kulungu hupiga tumbo, na mnyama huenda kufa mbali kwa mateso. Dume mkubwa ana ngao ya gegedu nene juu ya mabega, ambayo risasi nzito hupita lakini mshale dhaifu hukwama. Mwenye upinde amngoje ageuke robo, yaani kichwa kikielekea mbali naye kidogo, ili mshale uingie ubavuni kutokea nyuma.

Kwa nyama, chagua nguruwe wa kilo 30 hadi 50. Dume mzee huwa na harufu kali isiyoondoka kwa ndimu wala kwa tangawizi. Wataalamu wa Texas hushauri kupiga yeyote, wakieleza kwamba inabidi kuondoa takriban theluthi mbili ya nguruwe wote kila mwaka ili idadi isiongezeke. Naheshimu hesabu hiyo, lakini jike mwenye chuchu zilizojaa maziwa mimi humwacha, kwa kuwa bunduki moja msituni haibadilishi hesabu ya jimbo, ila inawaacha watoto wake wafe njaa siku kadhaa.

Akianguka, pakia tena na ukae palepale. Akikimbia, tia alama akilini mahali alipopotelea, ngoja nusu saa, kisha fuata damu. Mafuta na nywele huziba jeraha, hivyo damu chache haimaanishi kwamba umemkosa. Usimfuate kwenye kichaka kizito wakati wa giza. Mkaribie kutoka upande wa mgongo, uguse jicho lake kwa fimbo ndefu, lisipopepesa, amekufa. Ikiwa amevuka na kuingia katika ardhi ya mtu, simama mpakani umtafute mwenyewe akupe idhini, kwani sheria haikuruhusu kumfuata bila idhini hiyo.

Hatua ya nane: nyama na afya yako

Nguruwe mwitu hubeba vijidudu vinavyoambukiza binadamu, vikiwemo vya brusela, leptospirosisi na tularemia, na minyoo ya trikinela katika misuli. Damu ikiingia jichoni au kwenye mkwaruzo wa mkono inatosha. Vaa glavu na miwani kabla ya kumgusa, usile wala usivute sigara wakati wa kazi, na usimwache mbwa wako alambe chochote, kwa sababu ugonjwa unaoitwa kichaa cha uongo, ambao kwa kawaida haumdhuru binadamu, humwua mbwa.

Napendekeza kumchuna bila kufungua tumbo, kwani huko ndiko kwenye uchafu na damu nyingi. Mlaze ubavu. Chana ngozi kuanzia kisogoni hadi mkiani kwa kufuata uti wa mgongo, ukielekeza makali juu ili usikate nywele na kuzitawanya juu ya nyama, kisha ivue ngozi kuteremka kuelekea tumboni. Inua mguu wa mbele na upitishe kisu kati ya bega na mbavu. Hapo hakuna mfupa unaounganisha, utaachia wenyewe. Toa sarara ndefu iliyolala kando ya uti wa mgongo kwa kukata ukiufuata mfupa. Paja la nyuma likate kuzunguka nyonga mpaka ufikie kifundo cha mviringo, ukikigeuza kitafunguka. Mgeuze mnyama ufanye upande wa pili. Ukiona mafuta yenye rangi ya buluu, acha kila kitu: hiyo ni rangi iliyochanganywa makusudi katika sumu ya nguruwe iliyosajiliwa na serikali ya shirikisho mwaka 2017, na nyama hiyo hailiwi.

Mzoga uliobaki uondoe mbali na barabara, njia za watembeaji na maji, kama kanuni za eneo zinavyotaka. Nyama iingie kwenye deli haraka, hasa nyuzi joto zikiwa 30, na tundu la kutolea maji la deli liachwe wazi ili vipande visilale kwenye maji ya damu. Ongeza barafu kila siku mpaka utakapoikata.

Kuigandisha hakutoshi kuua trikinela wa wanyama wa porini. Pika mpaka ndani ifikie nyuzi 71 za Selsiasi, ukipima kwa kipima joto cha nyama katika sehemu nene, mbali na mfupa. Nyama hii haina mafuta kama kitimoto cha bucha, hivyo ukiichoma mbichi moja kwa moja itakauka kabla haijaiva ndani; ichemshe kwanza na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, ndipo uipeleke kwenye mkaa au uikaange. Usiiuze, hata sahani moja kwenye sherehe ya jumuiya, kwa maana nyama inayouzwa lazima iwe imekaguliwa na serikali tangu mnyama akiwa hai. Kadhalika usimsafirishe nguruwe mwitu aliye hai ukidhani utamfuga. Texas imekataza, isipokuwa kwa kumpeleka kwenye vituo vilivyoidhinishwa.

Osha visu, meza na deli kwa maji ya moto na sabuni, kisha kwa dawa ya klorini. Dalili za brusela huweza kuchukua wiki, hata miezi, kujitokeza, nazo ni homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo. Ukizipata, mwambie daktari waziwazi kwamba ulimchuna nguruwe mwitu na utaje tarehe, kwa sababu daktari wa mjini ataanza kufikiria mafua au malaria ya safari ya nyumbani, na kipimo cha brusela hakifanywi mpaka kiombwe.